Mgeni Akiniuliza Kama Maji ya Mfereji Yananyweka, Nimjibu Nini?

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 24. Kwetu ni Pemba, lakini sasa naishi pwani ya mashariki ya Unguja. Napokea wageni kwenye nyumba ndogo ya wageni ya mama mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu. Yeye ndiye aliyenichukua nilipomaliza skuli. Nalala kwake, nala kwake, na ada ya mdogo wangu anaitoa yeye. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba ninayemlalamikia si tajiri yangu tu, ni mzazi.

Shida yangu ni maji ya kunywa. Nyuma ya nyumba tuna kisima, karibu na ukuta. Pampu inayapandisha maji kwenye tangi juu, na kutoka huko yanateremka kwenye mifereji ya vyumbani na ya jikoni. Kiangazi kikiwa kikali maji huingia chumvi, hapo mama mdogo huagizia boza, na boza likija humwaga kwenye tangi lile lile.

Zamani wageni tulikuwa tukiwanunulia maji ya dumu, yale makubwa ya kupindua kwenye mashine. Mwaka juzi akaja fundi kutoka mjini akatufungia filta jikoni: mirija mitatu iliyosimama, na pembeni yake bomba la chuma lenye taa ndani. Madumu yakasimamishwa, tukanunua majagi ya kioo. Kila chumba kikawekwa kadi inayosema kwamba maji ya jagi yamechujwa na ni salama, na kwamba tunafanya hivi ili kupunguza chupa za plastiki baharini. Wageni wanaipenda kadi ile, wengine wanaipiga picha.

Sasa ile taa haiwaki. Kuna kidude cha kijani kilichokuwa kikionyesha kwamba inafanya kazi, kimezimika tangu kabla ya Ramadhani. Na mrija wa kwanza, ambao ndani yake mna kitu cheupe kama uzi uliosokotwa, siku hizi una rangi ya chai ya maziwa. Nilimwambia mama mdogo, akasema fundi atakuja. Fundi hajaja. Nilipomkumbusha akaniambia, "Maji haya tunatawadhia, tunapikia, tunakunywa sote na hakuna aliyekufa. Yana ubaya gani?" Na kweli nami nayanywa, sijaumwa tumbo. Wenzangu wa kazini wanasema Wazungu wana matumbo laini, wataumwa tu hata wakinywa maji ya wapi.

Wageni karibu wote wakifika wanaliuliza lile lile: maji ya mfereji yananyweka? Nimefundishwa kujibu kwamba ya mfereji hapana, ya jagi ndiyo. Nami najua kwamba ya jagi na ya mfereji siku hizi ni mamoja.

Mwezi uliopita yalitokea mambo mawili. Kwanza, mgeni mmoja mwanamke aliharisha na kutapika, akalala chumbani siku mbili. Mumewe akaja mapokezi akauliza kama tuna hakika na maji yetu. Kabla sijafungua mdomo, mama mdogo akawahi: "Maji yetu yamechujwa." Kisha wakaja mke na mume wana mtoto wa miezi minne anayekunywa maziwa ya kopo. Nikamwona yule mama anajaza birika kutoka kwenye jagi. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda dukani nikanunua katoni ya maji ya chupa kwa pesa yangu, nikawaambia ni zawadi ya mtoto. Mama mdogo akaziona chupa. Akaniita jikoni: "Unataka waseme maji yetu mabaya? Basi kaandike ukutani kabisa." Siku nzima hakusema nami.

Mwisho wa mwezi inakuja familia yenye watoto watatu, na wameshaandika kuuliza habari za maji. Nikisema ukweli nitakuwa nimeiharibia jina nyumba inayonilisha mimi na mdogo wangu. Nikisema nilivyofundishwa, silali. Na labda ni woga wangu tu, labda maji hayana neno. Nifanye nini?

Mpokea Wageni, Unguja

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako ina maswali mawili yaliyochanganyika, la maji na la mama mdogo. Hofu uliyonayo kwa mama mdogo inakufanya ulitilie shaka hata lile unaloliona kwa macho kwenye maji. Niruhusu niyatenganishe kidogo, nianze na la maji kwa sababu hilo linapimika.

Wageni huuliza habari za maji ya Zanzibar kana kwamba kisiwa kizima kina mfereji mmoja. Mjini watu wamekunywa maji ya chemchemi za Mtoni na Bububu vizazi na vizazi, na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta kwa mabomba mpaka mjini. Yanapotoka chini ya ardhi huenda yakawa mazuri sana, lakini bado yana safari. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu, na palipo na ufa hufyonza uchafu uliolizunguka. Yakirudi, yanakuja nao mpaka kwenye ndoo. Halafu kuna tangi lisilosafishwa, dumu linalotumbukizwa mkono, kata inayowekwa popote. Mtu wa Mwembetanga na jirani yake wa nyumba ya tatu wanaweza kunywa maji ya bomba moja, mmoja yakamdhuru na mwingine yasimguse.

Huko kwenu ni habari nyingine kabisa. Paje, Jambiani, mpaka Makunduchi, ni nchi ya mawe ya matumbawe, udongo wake haba. Mvua ikinyesha hupenya kwenye nyufa ikakaa chini, ikielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Pampu zikivuta kuliko mvua inavyorudisha, ya bahari hupanda. Hiyo ndiyo chumvi unayoisikia kiangazi. Lakini nyufa zinazopitisha mvua zinapitisha na maji ya karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Udongo mwingi huchuja uchafu kwa kuuchelewesha njiani, jiwe lenye matundu halina subira hiyo. Umeniambia kisima kiko karibu na ukuta. Hukuniambia upande wa pili wa ukuta kuna nini, wala karo lenu na la jirani yako wapi. Ningeanza kulitafuta jibu la hilo kabla ya jingine lolote, na halihitaji ruhusa ya mtu.

Sasa filta. Mashine za namna uliyoieleza kwa kawaida zimegawana kazi. Mrija wa uzi hushika mchanga na tope. Ile mingine, mara nyingi yenye mkaa, huondoa harufu na ladha. Wadudu wa maradhi wameachiwa taa. Mwanga wake, tusiouona sote, huwaharibu wasiweze kuzaana. Taa hizo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja hivi, hata kama bado inawaka, maana nguvu yake hupungua kabla ya kuzimika. Na maji yakiwa na tope mwanga haupenyi vizuri. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni woga wako tu, nitakwambia kwamba umeona vitu viwili, taa iliyozimika na mrija uliogeuka rangi, na vyote viwili ni dalili za kweli. Kinachotoka pale kinaweza kung'aa kwenye kioo na bado kikawa na vile vilivyokuwa kisimani.

Mama mdogo ana hoja, tusimdharau. Maji yakitimiza masharti yake, yasibadilike rangi wala ladha wala harufu, tunatawadha na sala inasihi. Lakini homa ya matumbo haina rangi wala harufu kwenye bilauri. Tohara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jingine, na kulisema hili hakuvunji dini ya mtu. Kama ana sheikh au ustadhi anayemwamini, pengine akilisikia kutoka huko litamwingia kuliko likitoka kwako.

Ama hilo la kwamba hakuna aliyekufa, na Wazungu wana matumbo laini, lina ukweli nusu. Mwili uliokulia mahali huzoea baadhi ya vijidudu vya mahali hapo, na mgeni aliyeshuka ndege jana hajavizoea. Ndiyo maana yeye huharisha nawe ukabaki mzima. Ila kipindupindu hakiulizi mtu kwao wapi. Kile cha 1869 na 1870 kiliua maelfu Unguja, na walikuwa watu wa hapa hapa. Cha 2015 na 2016 naamini unakikumbuka mwenyewe. Na hebu watazame watoto wadogo wa mtaani kwenu, hasa msimu wa mvua. Wanaharisha mara ngapi? Sisi wakubwa tunajisifu kwamba tumezoea, huku mazoea yenyewe tumeyapata kwa kuumwa utotoni, na si kila mtoto aliyeumwa alifika ukubwani. Nalisema hili kwa sababu barua yako yote inawaonea huruma wageni, na hukujitaja wewe, wala mpishi, wala mama mdogo mwenyewe. Nanyi mnakunywa kutoka kwenye tangi hilo.

Upande wa pili, kuwa mwangalifu na yule mgeni aliyeumwa. Mume aliuliza maji, nawe moyoni ukajibu maji. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa mikono ya mtu, saladi, juisi aliyoinywa pwani, pweza aliyekaa juani, au barafu. (Barafu husahauliwa sana. Kugandisha maji hakuui vijidudu vyote, na mgeni anayekataa maji ya mfereji huipokea ndani ya juisi kwa furaha.) Ukienda kwa mama mdogo ukamwambia "maji yako yamemwumiza yule bibi", umesema jambo usilolijua, naye atalishika hilo hilo kukushinda. Taa iliyozimika inatosha kuwa hoja.

Kuhusu mtoto wa miezi minne sitazungukazunguka. Kisima kilicho karibu na karo kinaweza kuwa na kemikali iitwayo naitreti, inayotokana na kinyesi na mbolea. Kwa mtu mzima kwa kawaida si tatizo la leo na kesho, lakini kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo inaweza kuizuia damu isibebe hewa vizuri, mtoto akabadilika rangi midomoni. Kuchemsha hakuiondoi, na maji yakipungua kwa kuchemka sana ndiyo inakolea zaidi. Taa haiiondoi wala ile mirija ya kawaida. Kwa hiyo zile chupa zilizofungwa ulizompa yule mama hazikuwa umbea wala fitina. Hilo ningependa uliweke pembeni, lisihesabiwe kwenye ugomvi wenu.

Sasa tuje kwa mama mdogo. Umemweleza kama mtu anayeficha. Huenda ndivyo, lakini nimeisoma barua mara mbili nikamwona mwanamke aliyelipa fundi, akaambiwa tatizo limekwisha, akachapisha kadi, na sasa anadaiwa tena jambo alilokwisha kulilipia. Kadi imepigwa picha na watu. Kukubali leo kwamba filta haifanyi kazi ni kukubali kwamba neno lake lililo kila chumba si kweli, na wewe unamwambia hivyo chini ya paa lake. Je, anajua kazi ya ile taa? Au anadhani ni taa ya kuonyesha tu, kama ya redio? Uliwahi kumweleza kwamba ndiyo inayopambana na vijidudu? Kama hukumweleza, basi bado hamjazungumza jambo hilo hilo nyinyi wawili.

Ukiamua kuzungumza naye, chagua saa. Asiwepo mgeni, asiwepo mpishi, na isiwe siku ambayo boza limetoka kulipwa. Neno uongo liache kabisa. Unaweza kwenda na bei mkononi: taa ya saizi ile ni kiasi gani, mirija mipya ni kiasi gani, fundi mwingine anataka ngapi. Mwenye biashara humsikiliza anayemletea hesabu kuliko anayemletea hofu. Hatari ni kwamba anaweza kuona umemzunguka kwa mafundi. Anaweza pia kukubali mbele yako na asifanye kitu, na hapo utakuwa pagumu kuliko ulipo, maana mtakuwa wawili mnaojua.

Kuna njia ya kupunguza madhara wakati fundi anangojewa. Maji yakichemka yakatokota vizuri kwa dakika moja, hapa pwani tulipo, vijidudu vya maradhi hufa. Yapoe yakiwa yamefunikwa, na jagi lioshwe kwa maji hayo hayo na si ya mferejini. Vidonge vya WaterGuard, vile vya kuulia vijidudu kwenye maji, navyo vinafaa kama utafuata maelezo ya pakiti na kungoja muda wake, ila vinaacha harufu ambayo mgeni ataiuliza. Yote mawili hayagusi chumvi wala naitreti. Gesi ina gharama, na majagi ya vyumba vyote si sufuria moja. Ukifanya kwa siri, mtungi wa gesi utakusaliti, na safari hii mama mdogo ataumia zaidi kuliko kwa zile chupa. Akikubali yeye, hata shingo upande, ni kazi ya jioni ya watu wawili. Kurudisha madumu kwa muda nako kunawezekana, hasa wageni wakiwa wachache.

Unaweza pia kulibadilisha jibu lako mapokezini. Kuna maneno kati ya "salama" na "yana sumu". Mgeni anaweza kuambiwa: "Ya kunywa na ya kupigia mswaki tumia ya chupa iliyofungwa, filta yetu inangoja matengenezo." Wengi watashukuru, maana wameshaambiwa kwao wasinywe maji ya mfereji na hawashangai. Wapo watakaoiona kadi chumbani wakauliza ipi ya kweli. Kwa hiyo jibu hilo haliendi bila kadi kuondolewa kwa muda, na kadi ni ya mama mdogo. Ukiiondoa peke yako, jua umeshachukua hatua. Sisemi usichukue, nasema ujue kwamba ni hatua.

Kupima maji ni jambo zuri. Mamlaka ya Maji au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali watakueleza sampuli huchukuliwaje na kwa gharama gani. Ila kipimo ni cha siku hiyo. Kisima cha mawe kikipimwa kiangazi na kikapimwa baada ya mvua kubwa, majibu yanaweza kuwa mbali. Na karatasi ikitoka mbaya, nyumba nzima haiwezi tena kusema haikujua. Wengine hukimbia kupima kwa sababu hiyo hiyo. Mpime kwa jina la nani? Kwa jina lake na kwa idhini yake ni msaada. Kwa siri ni ushahidi dhidi yake, hata kama hukukusudia.

Najua umewaza kumpigia simu mama yako Pemba. Dada mtu ana nguvu ya kusema ambayo wewe huna. Lakini pima kwanza uhusiano wao, maana taa ya shilingi kadhaa inaweza kufukua madeni ya zamani kati ya ndugu, na ada ya mdogo wako ikajikuta katikati. Hata kuacha kazi ni njia, na hoteli haziishi pwani hiyo. Ila hukuniandikia kwamba unataka kuondoka. Umeniandikia kwamba hulali.

Na ukinyamaza? Nyumba nyingi zinaishi hivyo miaka, na wageni wengi wataondoka wazima. Huo nao ni ukweli, wala sitakutisha kwa msiba ambao huenda usitokee. Isipokuwa wewe umeshaonyesha unachofanya ukifika mwisho wa uvumilivu: unatoa pesa yako mwenyewe. Mshahara wako utanunua katoni ngapi?

Kwa sasa, weka jikoni pakiti kadhaa za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na mjue nyote namna ya kuzikoroga kwa maji salama, maana mtu anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Mgeni au mwenyeji akipata choo cha damu, homa kali, au akashindwa kushikilia hata maji tumboni, ni hospitali, na asingojwe kesho. Mtoto mchanga apelekwe mapema zaidi.

Ile familia ya watoto watatu imeshaandika kuuliza, kwa hiyo jibu la kwanza litakuwa la maandishi. Kabla hujalituma, mpe mama mdogo alisome, umwombe akusaidie kulitunga. Nahisi atakaposhika kalamu yeye mwenyewe mazungumzo yatakuwa tofauti na yale ya jikoni, ingawa sina hakika, wewe ndiye unayemjua. Uliza pia umri wa mtoto mdogo kuliko wote. Na niandikie karo liko wapi.